Waya Haufiki Barabarani

"Njia iwe wazi kuanzia mlangoni mpaka barabarani, mama," alisema mwanamke wa kituo cha kusafishia damu kwenye simu. "Dereva haruhusiwi kumkanyagisha mgonjwa theluji. Akikuta pameziba, atageuza gari. Si kwamba tunawafanyia ubaya, ndiyo sheria yetu."

"Alhamisi ninyi wenyewe mlisema barabara zimefungwa," Verna Trombley alijibu. "Hakukosa kwa kupenda kwake."

"Najua. Ndiyo maana nakupigia mapema. Leo asikose, mama. Nakuomba."

Verna aliweka simu juu ya meza ya jikoni akasogea dirishani. Mawingu ya ziwani yalikuwa yamewamwagia theluji tangu Jumatano jioni, na asubuhi hii ya Jumamosi ndiyo kwanza yalikuwa yamepumzika. Ngazi za mbele hazikuonekana. Sanduku la barua lilikuwa limebaki kofia tu. Njia ya gari, ile inayotoka kwenye banda hadi barabarani, ilikuwa imelala sawasawa na uwanja, mtu asingejua ipi ni njia na upi ni uwanja kama si mti mkubwa uliosimama pembeni.

"Wamesemaje?" Merle aliuliza kutoka chumba cha mbele. Zamani kilikuwa chumba cha kulia chakula. Tangu ashindwe kupanda ngazi, kitanda chake kilikuwa humo, na hita ya umeme miguuni pake.

"Wanakuja. Lazima niwafungulie njia."

"Mashine ya kutupa theluji iko tayari. Niliipaka mafuta msimu wa kupukutika majani."

Verna aliingia akamtazama. Miguu yake ilikuwa imeumuka mpaka soksi zimeacha mikunjo kwenye ngozi. Usiku kucha alikuwa amelala ameketi, kwa sababu akilala chali maji yalimpanda kifuani akawa kama mtu anayezama. Sasa alikuwa anamung'unya kipande cha barafu, ndicho kinywaji pekee alichoruhusiwa, na kila baada ya maneno machache alinyamaza kutafuta pumzi.

"Ningemwomba Gus," Verna alisema polepole, kama mtu anayejaribu kama kiti kitambeba.

"Nani?"

"Unajua nani. Ana ile mashine yake ya petroli. Angemaliza kabla kahawa haijapoa."

"Ostrander hakanyagi uwanja wangu." Merle alikitoa kile kipande cha barafu mdomoni ili aseme vizuri. "Mimi sijafa bado, Verna. Nikifa, mwalike. Acheze dansi humo humo."

"Merle."

"Nimemaliza."

Hapo ndipo maneno yalipokuwa yakiishia kila mara. Kwa miaka mingi Gus Ostrander, jirani wa upande wa kushoto, alikuwa akisafisha njia yake halafu anavuka anasafisha na ya kwao, bila kuombwa, naye Merle akimpelekea samaki wa kubanikwa. Kisha siku moja mashine ya Gus ilitema jiwe likavunja kioo cha gari la Merle. Merle alitaka alipwe. Gus akasema, mbele ya watu, kwamba ukimfanyia maskini hisani ujiandae kudaiwa. Wiki ile ile Merle alikwenda kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani akarudi na mashine ndogo ya umeme, ya rangi ya chungwa, ya kuchomeka kwa waya. "Sasa sote tuna mashine," alisema. Mwaka uliofuata figo zikamwangusha, na mashine ikawa ya Verna.

*

Kuitoa bandani peke yake ilikuwa kazi. Alichimba mlangoni kwa sepetu mpaka akapata pa kuiburuta. Akaunga waya mrefu kwenye mashine, akauzungusha begani ili usiingie kwenye mapanga, kama Merle alivyomfundisha, akashika mikono ya mashine.

Mashine ile ilikuwa na chuma cha kubana; ukikibana inafanya kazi, ukikiachia inazima. Springi yake ilikuwa ngumu, na Merle, mikono ilipoanza kumlegea, alikifunga kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme ili kisiachie. Tangu hapo waliiwasha na kuizima kwa plagi. Verna hakuubandua utepe ule. Viganja vyake vilikuwa vimechoshwa na masufuria ya jikoni mwa shule alikofanya kazi, na hakuona sababu ya kujiongezea maumivu.

Alipochomeka waya kwenye soketi ya bandani, mashine ilinguruma, ikameza theluji ya juu, laini kama unga, na kuitupa pembeni kwa upinde mzuri. Moyo wake ulichangamka. Hakwenda mbali. Mara mashine ikanyamaza kabisa.

"Umeme umekatika?" Merle aliita kutoka dirishani.

Verna alijua ni nini. Banda na chumba cha mbele vilikuwa kwenye laini moja, na laini ile haikuweza kubeba mashine na hita kwa pamoja. Alichomoa mashine, akakung'uta viatu, akaingia, akashuka ngazi za chumba cha chini hadi kwenye boksi la swichi, akairudisha iliyojikata. Kisha akapanda kwa Merle.

"Ni hiyo hita yako. Nitaizima mpaka nimalize."

"Zima. Nina blanketi."

Alimwongezea blanketi la pili na koti lake mwenyewe la kanisani, akamchomeka pembeni kama anavyochomekwa mtoto.

"Usiiguse, sawa?"

"Nimekuwa mwehu sasa? Nenda, nenda. Gari litafika."

Nje, Gus alikuwa ametoka. Mashine yake nyekundu, kubwa kama ndama, ilikuwa ikitembea yenyewe na yeye nyuma yake anaifuata tu, sigara mdomoni. Alipofika mpakani alipunguza mvumo.

"Verna! Unafagia zulia?"

"Habari za asubuhi, Gus."

"Hicho kidude kitakula theluji hii mpaka Pasaka." Alitoa sigara, akatazama dirisha la mbele, akateremsha sauti. "Leo si siku yake ya damu?"

"Ndiyo."

"Basi sema neno. Neno moja tu. Nitavuka sasa hivi."

Verna aligeuka. Kwenye dirisha, uso wa Merle ulikuwa umebandikwa kwenye kioo, wa kijivu, unatazama midomo yao. Alijua akisema "ndiyo," Merle atakataa kuingia kwenye gari. Angelifanya. Alikuwa mtu wa kufa kwa neno moja akadhani ameshinda.

"Tunajiweza," alisema.

Gus alirudisha sigara mdomoni. "Ninyi na kujiweza kwenu," alisema, akaongeza mvumo, akageuka.

Maneno yale yalimwingia Verna kuliko baridi. Aliirudia kazi akiwa na machozi ya hasira, na hakujua anamkasirikia yupi kati ya wale wanaume wawili.

*

Alikuwa amefika karibu na mwisho wakati lori la mji lilipopita. Lilikuja likiwaka taa, limeinamisha koleo lake kubwa, likasukuma theluji yote ya barabarani pembeni, na pembeni pale palikuwa ndipo mdomo wa njia yao. Lilipopita, ukuta ulikuwa umesimama, unamfika Verna kiunoni. Haukuwa wa unga tena. Ulikuwa wa mabonge ya barafu, chumvi na changarawe.

"Jamani!" Verna alilipigia lori kelele. "Jamani, mgonjwa!"

Dereva wa lori hakusikia, na hata angesikia asingeweza kufanya lolote. Ana mitaa yake.

Aliisukuma mashine kuuelekea ukuta. Kabla hajaugusa, waya ulikazika nyuma yake, ukamvuta bega. Ulikuwa umefika mwisho. Haukuwahi kufika barabarani. Kipande kile cha mwisho alizoea kukimaliza kwa sepetu, lakini siku zile ukuta ulikuwa wa magoti na yeye alikuwa amepata usingizi wa kutosha. Alijaribu sepetu. Iliruka kama imepiga jiwe. Akajaribu tena mpaka kiuno kikamwambia basi.

Alirudi bandani akatafuta, akapata ule waya mwembamba wa kahawia wa taa za Krismasi. Alijua si wa kazi hii. Aliuunga hivyo hivyo kule bandani, akaufunga fundo, akarudi ukutani. Mashine ililia, ikang'ata bonge, ikalitema. Ikang'ata jingine. Ilikuwa ikifanya kazi! Kidogo kidogo, lakini ilikuwa ikifanya kazi, na Verna alianza kuongea nayo kama mtu anavyoongea na punda: "Haya. Haya, mama. Kidogo tena."

Bonge moja likakwama kooni. Bomba la kutemea likaziba, mashine ikatetemeka, ikaguna, kisha kimya. Umeme umekwenda tena.

Alisimama akihema. Alitazama nyuma: waya umelala juu ya theluji, mrefu, hadi bandani ilikokuwa plagi. Kwenda ni mbali, kurudi ni mbali, na mashine ilikuwa imekufa, mtu angeweza kuona imekufa. Aliinama akachungulia bombani. Bonge lilikuwa limekaa karibu, limeng'ang'ania chini kwenye mapanga. Alivua glavu ili apate kushika vizuri, akaingiza mkono wa kulia, akalivuta. Lilicheza. Akaingiza mkono zaidi.

Mashine ikaamka.

Haikuchukua muda wowote. Ilikohoa mara moja, ikanguruma, na mkono wake ukarudi kwake ukiwa si ule alioupeleka. Hakulia. Aliutazama tu. Theluji ya upande ule ilibadilika rangi mbele ya macho yake, na mashine iliendelea kunguruma, tupu, koo limezibuka.

Ndipo aliposikia sauti ya Merle. Alikuwa amesimama mlangoni, amefungua mlango wazi kwenye baridi, amevaa ndara na nguo za kulalia, ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ambayo Verna hakuwa ameiona tangu wamwambie habari za figo.

"Imerudi, Verna!" aliita kwa pumzi yote aliyobaki nayo. "Nimeirudisha! Nimeshuka mwenyewe!"

*

Gus ndiye aliyefika kwanza. Aliruka mpaka, akachomoa waya kwa kuukanyaga na kuuvuta, akavua shali yake akaufunga mkono wa Verna kwa nguvu mpaka Verna akapiga ukelele. "Samahani, samahani, mama. Kaa chini. Usitazame. Nitazame mimi." Sigara ilikuwa bado mdomoni mwake, imezimika.

"Njia," Verna alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Gus, ile njia. Gari linakuja."

"Liache hilo gari."

"Akikosa leo atakufa. Fungua njia."

Gus alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akakimbia. Mashine nyekundu ilivuka mpaka, ikaingia kwenye ule ukuta, na ukuta ukaondoka. Verna, ameketi kwenye ngazi amejikunyata, aliuona unavyoondoka. Ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi mno, na hilo ndilo lililomfanya hatimaye alie.

Merle alikuwa ameketi nyuma yake kwenye kizingiti. Hakusema neno kuhusu Ostrander. Alikuwa ameshika ncha ya koti la mke wake kama mtoto sokoni.

Gari la kituo na gari la wagonjwa aliloliita mke wa Gus yalifika karibu pamoja. Dereva wa kituo, kijana mnene aitwaye Lamar, alitazama damu, akatazama njia iliyofunguka, akavua kofia.

"Mama Trombley, umefanya nini?"

"Njia iko wazi," Verna alisema. "Mchukue."

*

Hospitalini walimwuliza mara nyingi, kila mmoja na kalamu yake. Ilikuwaje? Mashine ilikuwa imechomekwa? Nani alikuwa anaiendesha?

"Mimi," alisema. "Nilisahau kuchomoa. Nilikuwa na haraka."

"Iliwaka yenyewe?"

"Umeme ulikatika ukarudi. Kwetu hukatika."

Daktari mpasuaji, mwanamke mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi, alimwambia kwamba kidole cha shahada na cha kati vimekwenda, na cha pete watakiokoa nusu. Alimwambia pia kwamba kila msimu wanaletewa watu kama yeye, na wote husema mashine ilikuwa imezima. Hakulisema kwa ubaya. Verna alijiona mjinga hata hivyo.

Alipotoka kwenye usingizi wa dawa, Gus alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mkono wa shati lake umekauka damu.

"Amesafishwa," alisema kabla hajaulizwa. "Wamemtoa maji mengi. Yuko sawa. Mke wangu Noreen yuko nyumbani kwenu anamngoja, amechemsha supu ya kuku isiyo na chumvi."

"Ahsante."

"Usinishukuru." Aligeuza kofia mikononi. "Ningevuka bila kukuuliza. Nilikaa pale nikasubiri uniombe. Nilitaka uniombe, Verna. Unaelewa? Nilitaka nisikie."

Verna alivuta shuka kwa mkono wa kushoto.

"Nani aliyerudisha umeme?" Gus aliuliza.

"Ulirudi wenyewe."

"Nilimsikia akiita."

"Basi ulisikia vibaya."

Gus aliinuka, akavaa kofia. "Haya," alisema. "Nilisikia vibaya."

Gus alipomrudisha Verna nyumbani, Merle alikuwa amelala. Yaliyotokea ndani siku ile Verna aliyajua kwa kuona, si kwa kuambiwa. Hita ilikuwa imewashwa, imewekwa kwenye alama ya chini kabisa, kama mtu anayeiba kidogo ili asijulikane; baadaye ikazimwa kwa kung'olewa ukutani, plagi imelala sakafuni. Blanketi lilikuwa limeanguka njiani. Kitembezi chake, ile fremu ya chuma aliyoegemea akitembea, kilikuwa juu ya ngazi za chumba cha chini, kwa kuwa hakipiti kwenye ngazi zile nyembamba. Kwa hiyo alishuka kwa makalio. Akapanda kwa mikono. Mtu ambaye kutoka kitandani hadi chooni humaliza pumzi.

Verna alisimama juu ya zile ngazi akiwa na bandeji kubwa kama mkate, akawaza jinsi alivyojitahidi, akatamani kumkumbatia. Mara hiyo hiyo akatamani Merle angeanguka humo akabaki.

*

Shule haikumfukuza. Bi. Lindqvist, msimamizi wa jikoni, alimpigia simu akasema nafasi yake ipo, lakini kwa sasa wamemweka mwingine, na akirudi labda atakaa mlangoni kuhesabu trei za watoto. "Ni kazi nyepesi, mpenzi, ya kukaa. Malipo yake si kama ya jikoni, lakini." Sentensi aliiacha hapo. Verna alisema atafikiria. Alikata simu kwa kidevu, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mtungi wa kachumbari aliokuwa akijaribu kuufungua, ameubana katikati ya mapaja.

Majira yale ya baridi hayakwisha upesi. Theluji ikianguka, Gus alivuka kabla hawajaamka. Walisikia mvumo wake wakiwa bado kitandani, naye Merle aligeuzia uso ukutani. Mashine ya chungwa ilikuwa imesimama bandani, hakuna aliyeifuta. Noreen alileta chakula kwenye sahani za alumini, akakaa, akautazama mkono wa Verna, akazungumza habari za mbwa wake. Kanisani watu walimwambia ana bahati. Binti yao alipiga simu kutoka Arizona akasema, "Mama, na wewe, kila mtu anajua unachomoa kwanza," na Verna akasema ndiyo, kila mtu anajua.

Merle aliusikia uongo ule ukisemwa, kwa watu wa bima, kwa kasisi, kwa binti yao, na kila mara alinyamaza. Usiku alimsikia mkewe akiguna kwa maumivu ya vidole visivyokuwepo. Alikuwa mpole kupita kiasi; alishukuru hata kwa kijiko. Upole ule ulimchosha Verna kuliko ubishi wake wote wa zamani.

Kisha Jumanne moja, mwisho wa Februari, Verna alimpelekea mkate wa kuchoma na siagi kidogo, akamkuta hajavaa.

"Lamar yuko njiani, Merle."

"Mwambie arudi."

"Unaumwa?"

"Siendi." Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe juu ya blanketi. "Leo siendi, na Alhamisi siendi. Nimefikiri. Wanasema si kifo kibaya. Unalala tu. Wiki moja, zaidi kidogo."

Verna aliweka sahani chini. "Nani amesema?"

"Nilimwuliza muuguzi. Ni haki yangu, Verna. Mtu ana haki." Alitafuta pumzi. "Umekuwa mtumwa wangu. Na sasa huna hata mkono. Nikiondoka utakwenda kwa binti yetu, kule kwenye jua. Hutaona tena theluji."

"Unaniondokea mimi."

"Nakupunguzia."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nje Gus alikuwa akimalizia ngazi za mbele kwa sepetu, wakisikia anavyokwangua.

"Wewe ndiye uliyeiwasha," Verna alisema.

Merle alilivuta blanketi kifuani.

"Uliwasha hita nilipokukataza. Ukaona umeharibu, ukashuka kurudisha. Nilijua tangu ulipotoka mlangoni unaita. Ulikuwa umefurahi, Merle. Nimewadanganya watu wote. Mpaka binti yangu ananiona mpumbavu, nami namwacha anione hivyo."

"Nilikuwa na baridi," alisema kwa sauti ndogo sana.

"Najua ulikuwa na baridi."

"Nilitaka nisaidie. Mara moja tu nisaidie."

"Najua!" Alipiga kitanda kwa mkono mbovu, na maumivu yakampanda mpaka kwenye sikio, akangoja yapite ndipo akaendelea. "Najua yote hayo. Na nimekukasirikia. Nikiamka nimekukasirikia, nikikukatia mkate nimekukasirikia. Kesho pia. Sijui itaisha lini. Sasa wewe unataka ulale, wiki moja, uondoke na upole wako huo. Hasira hii nitagombana na nani? Na Gus? Na ukuta?"

Merle alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kulia na kuhema kwa pamoja.

"Mimi ndiye," alisema mwishowe. "Nitamwambia binti. Nitampigia mwenyewe."

"Utampigia jioni, ukirudi."

Honi ya Lamar ililia barabarani, mara mbili, fupi fupi. Verna alichukua suruali kutoka kwenye kiti akamtupia magotini.

"Vaa."

Alivaa. Ilichukua muda mrefu na hakumsaidia, alisimama tu anatazama. Kisha alimletea koti na kofia. Mlangoni palikuwa na baridi kali yenye mwanga, njia imesafishwa mpaka chini, nyeusi, na Gus amesogea pembeni ameegemea sepetu, anatazama kwingine ili asiwatie haya. Merle alikiacha kitembezi akamshika Verna begani, upande wa kulia, akamwegemea kwa uzito wake wote.

"Upande mwingine," Verna alisema. "Huo unauma."

Merle akazunguka, polepole, akamshika upande mwingine.